JE, TULISHUKA KUTOKA ANGANI? WAULIZENI DAGAA WA RUKUBA!

Msomaji wangu, majuzi nilikuwa kisiwani Rukuba kumsalimia mjomba. Ulikuwa usiku wa giza totoro, ule wanaoupenda wavuvi wa dagaa, na taa zao zimejipanga ziwani utadhani mji. Mara kimondo kikakatiza! Mimi na Form Four yangu nikaropoka: "Mjomba, wapo wataalamu wanaosema uhai uliletwa duniani na mawe kama yale."

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Sasa we mjomba, wamepimaje?"

Swali hilo lilininyima usingizi. Asubuhi nikashika simu, nikasoma. Kumbe bwana, kipimo kimoja kimetoka hapa hapa nchini! Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe lilidondoka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa (Rukwa, sio Rukuba), ambako siku hizi ni mkoa wa Songwe. Usilichanganye na lile dude la chuma la Mbozi. Hili la Ivuna ni jeusi, lina kaboni, na kilichookotwa hakikufika hata kilo: gramu 705 tu. Lakini wataalamu dunia nzima wanalijua.

Mwaka 1961 mabwana George Claus na Bartholomew Nagy, wakiwa Marekani, walilichungulia kwa hadubini pamoja na jiwe la Orgueil, lililoanguka Ufaransa mwaka 1864. Wakatangaza wameona vitu mfano wa mabaki ya vijidudu. Ikawa kasheshe! Wenzao wakakagua, wakasema vingine ni punje za madini tu, na vingine ni chavua ya maua na uchafu wa hapa hapa duniani.

Nilipomsimulia mjomba, hakucheka. Wiki ile mnunuzi mmoja alikuwa amemshushia bei kwa sababu ya mchanga. Akaokota dagaa mkavu. "Huyu ana mchanga. Katoka nao ziwani, au kaupata hapa nilipomwanika?"

Hapo ndipo penye kazi, wasomaji. Jiwe likishagusa udongo, utajuaje kipi lilikuja nacho? Ndiyo maana Wajapani wakalifuata jiwe huko huko juu. Mwaka 2020 chombo chao, Hayabusa2, kikaleta gramu kama 5 kutoka Ryugu, na jiwe lenyewe likaonekana ni jamaa wa Ivuna! Ndani mkakutwa asidi amino, yaani matofali yanayojenga protini. Ivuna nalo lilishakutwa nazo mwaka 2001. Lakini kiumbe? Hakuna. Na mwaka 2024 ikaripotiwa kwamba punje moja ya Ryugu iliyopelekwa Uingereza imeota vijidudu. Usishangilie: vilikuwa vya duniani, viliidandia huku huku chini!

"Kwa hiyo unga wameupata, ugali bado," akasema mjomba. Kisha akaniuliza kama nina hela ya wavu, maana anataka kutengeneza chanja, dagaa wakauke juu juu. Nikampa ya nauli yangu. Nipo bado Rukuba, nakata miti.