Kikosi Kitafika Saa Ngapi?

Mzazi wa Voi anayempeleka mwanawe Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kule njia ya Mwatate, huuliza karo, malazi na chakula. Tangu Aprili 2, 2015 kuna swali jingine, ingawa ni wachache wanaothubutu kulitamka mbele ya msajili: risasi zikilia alfajiri, nani atafika, na atafika saa ngapi?

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi Kuu. Wanaume wanne wa kundi la kigaidi la al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa kabla ya jua kuchomoza, wakawaua walinzi langoni, wakawavamia wanafunzi waliokuwa kwenye maombi ya asubuhi, kisha wakaingia mabwenini. Waliwatenga Waislamu na Wakristo. Waliouawa walikuwa 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Msichana mmoja alijificha kabatini kwa siku mbili; njaa na kiu zilipomzidi, akanywa mafuta ya kujipaka. Waokoaji walipomwita alikataa kutoka, akidhani ni wauaji wale wale wanamlaghai.

Miili ilikuwa bado inatambuliwa katika chumba cha maiti cha Chiromo, Nairobi, wakati wanasiasa walipokwisha kupata wa kulaumiwa. Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto, alilipatia shirika la wakimbizi la UNHCR miezi mitatu kuihamisha kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Ukatajwa ukuta kwenye mpaka wa Somalia. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza makurutu 10,000 wa polisi waripoti mafunzoni, ingawa mahakama ilikuwa imebatilisha usajili wao. Mitandaoni, wananchi walikataa wafu wao wawe hesabu tu, wakawataja mmoja mmoja kwa jina na picha. Hilo nalisifu hadi leo.

Lakini mjadala ule ulikimbilia mbali, ukaacha yaliyokuwa karibu. Mmoja wa wauaji alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu kutoka Mandera, na baba yake alikuwa ameshawaarifu wakuu kwamba kijana ametoweka. Kuwatilia shaka wanafunzi wa Kisomali au Waislamu, kama wengi walivyofanya, ni dhuluma, tena kunaziba masikio: mzazi aliyekuja kuripoti ni Mwislamu. Onyo kuhusu vyuo vikuu nalo lilikuwa limetolewa wiki iliyotangulia. Hata hivyo, siku moja tu kabla ya shambulio, Rais alizikosoa nchi za kigeni zilizowaonya raia wao kuhusu safari za Kenya.

Kisha kuna suala la muda wa kikosi kufika. Kikosi maalumu cha polisi cha Recce kilitoka Nairobi kwa ndege, lakini kuna waandishi wa habari waliosafiri kwa gari wakakitangulia kufika. Kilipoingia bwenini jioni, kazi iliisha upesi. Kutwa nzima wanafunzi walikuwa wakifia ndani.

Kwetu hapa jambo hili si la kusikia redioni. Garissa iko takriban kilomita 370 kutoka Nairobi. Voi iko karibu 330; kungoja kikosi kutoka Nairobi kungetufika vilevile. Mwaka ule vyuo vyote viwili vilikuwa vishiriki, cha Garissa chini ya Chuo Kikuu cha Moi, chetu chini ya kile cha Jomo Kenyatta.

Hofu nayo huua. Siku kumi baada ya shambulio la Garissa transfoma ililipuka katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi; wanafunzi wakaruka kutoka ghorofani wakidhani wamevamiwa, mmoja akafariki na zaidi ya mia wakaumia. Mwezi Novemba mwaka huo, zoezi la usalama katika Chuo Kikuu cha Strathmore lilifanywa kama shambulio la kweli, na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha.

Mwaka 2019 mahakama iliwafunga watu watatu kwa kuhusika na shambulio la Garissa, mmoja maisha na wawili miaka 41 kila mmoja. Hukumu hiyo haikugusa kuchelewa kwa kikosi. Kwa hiyo wazazi wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta wana haki ya kudai maelezo kutoka kwa kamanda wa polisi wa kaunti na uongozi wa chuo: ni kikosi gani kilicho karibu, nani ana mamlaka ya kukiamuru bila kungoja Nairobi, na milango ya dharura ya mabweni hufunguliwa na nani usiku.