Mbwa Akikojoa Nyumbani, Tutazame Kwanza

Mbwa alindaye nyumba ni mali. Hapa Makobola, kati ya milima na ziwa Tanganyika, wenye nyumba wengi humfuga ili abweke mwizi ajapo usiku, nao humzoeza tangu udogo kwenda haja nje. Lakini yaweza kutokea kwamba mbwa aliyeshika adabu hiyo miaka mingi aanze ghafula kukojoa sebuleni. Hapo wengi hukimbilia fimbo. Sisi pia tulifanya hivyo, na twaona haya kusema. Lakini kosa letu lafaa kuwa fundisho kwa wengine.

Mbwa wetu, jike la miaka sita, aitwa Subira. Asubuhi moja tulikuta mkojo karibu na mkeka. Kesho yake tena. Tukampiga. Siku ya tatu, alipotuona tu tukiinua mkono, alijikunyata akajikojolea pale pale. Tukamwita mkaidi. Ndipo binti yetu, mwanafunzi wa darasa la nne, aliposema: «Baba, nimemtazama. Huchuchumaa mara nyingi, na matone machache tu hutoka. Nadhani ni mgonjwa.» Mtoto alikuwa ametazama, sisi tulikuwa tumekasirika tu. Tulimpeleka kwa mganga wa mifugo mjini Uvira, naye akatuambia kwamba vijidudu vimeingia katika kibofu. Alimpa dawa, na baada ya siku chache ugonjwa ukaisha. Lakini hofu ya fimbo ilikawia kuliko ugonjwa: kwa majuma kadhaa Subira alikimbia kila tulipochukua ufagio.

Basi, msomaji, kabla ya kupiga, tazama. Matone machache ya mara kwa mara, au mkojo wenye damu, mara nyingi ni dalili ya ugonjwa wa kibofu. Mbwa asiyeweza kabisa kutoa mkojo apelekwe kwa mganga siku hiyo hiyo, maana aweza kufa. Mkojo mwingi pamoja na kiu kubwa waweza kutokana na ugonjwa wa figo au wa sukari. Lakini uliza pia kama hakulishwa ndagala wa chumvi. Usimnyime maji kamwe. Mbwa mzee huweza kuvuja mkojo usingizini bila kujua. Dume ainuaye mguu ukutani huweka alama yake, hasa mbwa mgeni apitapo karibu. Na yule aliyeshtushwa na radi au milio ya bunduki hukojoa kwa hofu, kama watoto wetu wafanyavyo kitandani baada ya usiku wa namna hiyo. Hofu haiponywi kwa hofu.

Tufanyeje? Tumtoe nje alfajiri, baada ya kula, na kabla ya kulala. Akikojoa mahali pafaapo, tumsifu papo hapo. Sakafu ioshwe vizuri kwa sabuni, kisha kwa siki ikiwapo, kwa kuwa mbwa hurudi penye harufu yake. Mkojo usiguswe kwa mikono mitupu: ugonjwa wa leptospirosisi, ambao panya huueneza, huweza kupita katika mkojo hata kumfikia mtu. Funika mikono kwa mfuko wa plastiki, kisha nawa.

Neno moja zito limebaki. Mbwa aliyebadilika ghafula, akawa mkali bila sababu, atokwaye na mate na kushindwa kumeza, huenda ana kichaa cha mbwa. Huyo asiguswe, watoto wawekwe mbali, na mganga wa mifugo aarifiwe. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo, ambayo Louis Pasteur alimpa mtu mara ya kwanza mwaka 1885. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, karibu daima mwisho wake ni kifo. Kwa hiyo mbwa wenyewe wachanjwe mapema.

Leo Subira hulala tena mlangoni, na binti yetu ndiye amtoaye nje alfajiri. Mnyama hana ulimi wa kujitetea. Basi mwenye nyumba awe na macho.