Faili ya Mzee Iko Wapi? Jinsi ya Kuuliza Rekodi za Kesi za Zamani



Katika maboma mengi ya Kati na Bonde la Ufa, kuna mtu wa jamaa aliyepelekwa kortini wakati wa Hali ya Hatari, kati ya 1952 na 1960. Wengine walirudi. Wengine hawakurudi, na watoto wao, ambao sasa ni wazee, hawajui baba alishtakiwa kosa gani wala alihukumiwa siku gani. Mwanahistoria David Anderson, katika kitabu chake cha mwaka 2005, alihesabu watu 1,090 walionyongwa kwa kesi za Mau Mau. Alisoma mamia ya faili za kesi hizo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, lile jengo la Moi Avenue, Nairobi.

Je, mwananchi wa kawaida naye anaweza kuuliza faili hizo? Ndiyo, anaweza.

SHERIA INASEMA NINI?

Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza njia:

- Ombi laandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika aseme kwa mdomo, na afisa amsaidie kuandika.
- Kuomba ni bure. Utalipia nakala tu.
- Jibu litoke kwa siku 21. Wanaweza kuongeza siku 14, mara moja tu.
- Kama faili iko afisi nyingine, ombi lako lipelekwe huko kwa siku 5.
- Ukinyimwa, una siku 30 za kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huita Ombudsman.

KABLA YA KUPANDA MATATU

Watu wengi hurudi mikono mitupu kwa sababu walienda na jina moja tu. Karani hawezi kutafuta "baba yetu". Kusanyeni haya kwanza:

1. Jina, na jina la babake. Karani wa mkoloni aliandika alivyosikia. Njuguna anaweza kuwa Juguna au Njoguna. Andikeni njia zote.

2. Jina la zamani la mahali. Murang'a iliitwa Fort Hall. Nyahururu iliitwa Thomson's Falls. Tafuteni kwa majina hayo.

3. Mwaka. Mzee akisema hakumbuki, muulizeni: ilikuwa kabla ya watu kuhamishiwa vijijini au baadaye? Kazi hiyo ya kuhamisha watu ilianza kwa nguvu 1954.

4. Korti, jela, namba ya kipande, au karatasi yoyote iliyobaki kwenye sanduku la nyanya.

Tena ulizeni: je, alipelekwa kortini kweli? Maelfu waliozuiliwa kambini, kama Manyani na Mwea, hawakushtakiwa kamwe. Mtu kama huyo hana faili ya kesi. Ulizeni rekodi za kuzuiliwa, la sivyo mtaambiwa "hakuna" na mkate tamaa bure.

BARUA FUPI INATOSHA

"Kwa Mkurugenzi. Naomba, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, nakala ya faili ya kesi ya (jina, mwana wa fulani), wa lokesheni fulani, wilaya ya Fort Hall, aliyehukumiwa Nyeri kati ya 1953 na 1955. Mimi ni mjukuu wake." Weka sahihi, namba ya kitambulisho na anwani. Baki na nakala iliyopigwa muhuri wa siku waliyoipokea, kwa maana siku 21 zitahesabiwa kutoka hapo.

TUSEME UKWELI

Si kila faili ipo. Wakoloni walichoma nyingine kabla ya kuondoka, na nyingine wakazisafirisha. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikubali kwamba ilikuwa imeficha faili kama 1,500 za Kenya. Kuanzia 2012 zilifunguliwa kwa umma huko Kew, London.

Jihadharini pia na wale wanaochangisha pesa wakiahidi fidia. Ni kweli mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya Wakenya 5,228. Lakini kesi nyingine, ya watu zaidi ya 40,000, ilitupwa na korti ya London mwaka 2018 kwa sababu muda ulikuwa umepita sana. Faili itawapa ukweli. Pesa ni jambo lingine.

Na ukweli wenyewe unaweza kuuma. Ndani ya faili mnaweza kukuta jina la jirani aliyetoa ushahidi, na wajukuu wake wako nanyi katika kikundi. Someni kwanza kama jamaa, pamoja na mzee wa busara, kabla ya kusoma mbele ya watu. Wengi walitoa ushahidi kwa kupigwa.

Msingoje. Kila mzee anayetuacha anaondoka na jina la korti, la jela na la mwaka.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni nani kati yetu ana jamaa aliyehukumiwa au kuzuiliwa?
2. Ni mzee gani tutamtembelea wiki hii, na nani ataandika?
3. Tukikuta jina la jirani katika faili, tutafanya nini?