Kujitolea kwa Wanafunzi wa Simiyu Kuanzie Darasa la Awali

Mtihani wa kidato cha nne humalizika Novemba, na wanaochaguliwa kuingia kidato cha tano huripoti shuleni Julai mwaka unaofuata. Wale wa kidato cha sita humaliza Mei, na vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Hapo katikati ipo miezi mingi ambayo kijana wa Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu au Busega hana kipindi wala kengele ya kumwamsha. Hoja yangu ni kwamba saa chache za miezi hiyo zingewafaa sana watoto wanaoanza shule kijijini kwake, na sioni kazi nyingine ya kujitolea mkoani Simiyu ambayo mwanafunzi ataifanya vizuri kuliko hiyo.

Sababu kubwa ni lugha. Katika vijiji vingi vya mkoa huu mtoto hulelewa kwa Kisukuma tangu anapoamka hadi anapolala. Akifika shuleni hufundishwa kwa Kiswahili, na pengine mwalimu wake amepangiwa kazi akitokea mkoa wa mbali na Kisukuma hakijui. Mtoto anatakiwa ajue kusoma, kuandika na kuhesabu kwa lugha ambayo bado hajaishika. Hunyamaza, na watu wakadhani hana akili. Mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2014 na kufika Simiyu, ulilishughulikia tatizo hili kwa mafunzo ya utayari wa shule ya wiki chache, kwa hadithi, nyimbo na michezo, yakiongozwa na wasaidizi kutoka katika jamii yenyewe. Sifa ya wasaidizi hao ilikuwa kwamba ni watu wa pale pale, wanaoelewana na mtoto. Mhitimu wa kidato cha nne wa Lagangabilili au Mwanhuzi anayo sifa hiyo, na zaidi ya hapo ana Kiswahili cha darasani.

Siwabezi wanaofagia soko au kupanda miti kwa siku moja, fulana zikagawiwa na picha zikapigwa. Lakini mche usiotunzwa hufa, hasa Meatu ambako mvua ni haba, na ahadi ya mwanafunzi kwa jamii hupimwa kwa kurudi kwake wiki baada ya wiki. Nchi hii inalijua hilo. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilitaja chini ya asilimia 10. Hata anayezitilia shaka takwimu hizo hawezi kukana kwamba kisomo cha watu wazima kilibebwa na walimu wa kujitolea wanakijiji, wakiwemo vijana waliomaliza darasa la saba, kwa posho ndogo tu.

Pingamizi zito linatoka shambani. Pamba hupandwa kuanzia Novemba, inafuata palizi, kisha mavuno kuanzia Mei, na familia humtegemea kijana huyu huyu. Mpango usiolitambua hilo hautadumu. Ndiyo maana nasema saa mbili, siku tatu kwa wiki, na anayebanwa na palizi aruhusiwe kwenda kulima bila kulaumiwa. Wengine wanahofu kwamba serikali itapata kisingizio cha kutoajiri, na hofu yao ina msingi: wapo wahitimu wa ualimu wanaofundisha kwa kujitolea muda mrefu huku wakisubiri ajira. Basi mipaka iwekwe wazi. Kijana huyu hapewi darasa, hasahihishi mitihani, wala habaki peke yake na watoto. Hukaa pamoja na mwalimu, akamsimulia mtoto hadithi na kumfafanulia kwa Kisukuma kile ambacho hakukielewa.

Wapo pia wanaotaka jambo hili liwe sharti la kujiunga na chuo. Hapana. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na mamia wakafukuzwa. JKT lina sheria yake na sababu zake za kitaifa; mtoto wa miaka mitano anahitaji mtu aliyekuja kwa hiari.

Wakuu wa sekondari za Simiyu wawaulize wanafunzi wao kabla ya mtihani wa Novemba nani yuko tayari, na majina yawafikie walimu wakuu wa shule za msingi kabla ya Januari. Halmashauri ziwape semina fupi na barua ya utambulisho. Nanyi mnaomaliza kidato cha nne mwaka huu, msingoje kuitwa: nendeni na wazazi wenu kwenye shule mliyoanzia, mwambieni mwalimu mkuu siku na saa mtakazoweza kufika, kisha mfike.