Daftari la Mahudhurio na Mtambo wa Simu: Njia ya Kufundisha Chombo Kigeni

Katika ualimu tumezoea kusema kwamba mwanafunzi huongozwa kutoka jambo analolijua hadi jambo asilolijua. Kanuni hii hukaririwa kwa urahisi, lakini kuitimiza ni kazi, hasa tunapofundisha juu ya vyombo ambavyo sisi wenyewe twavitumia bila kuvifahamu. Katika makala haya tutaichukua seva ndogo ya nyumbani, iliyonunuliwa ili kuhifadhi picha na mafaili ya jamaa, kisha ikawekewa programu ya mtambo wa simu. Tutaonyesha jinsi ya kulieleza jambo hilo kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi kwa msaada wa kifaa kilicho mezani kwa kila mwalimu: daftari la mahudhurio.

Tulipata kuhudhuria somo la mazoezi ambamo mwanachuo aliwaambia wanafunzi kuwa seva ya namna hiyo huihifadhi sauti ya mpigaji kama inavyohifadhi picha, kisha humtolea anayepigiwa. Mtoto mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, na umeme ukikatika, simu italia?" Akajibiwa kwamba hilo si somo la leo. Makosa yalikuwa mawili. Maelezo hayakuwa sahihi, na swali lililoyapita maelezo kwa ubora likazimwa.

Mtambo wa simu ni nini hasa? Zamani katika ofisi kubwa alikuwapo mhudumu wa swichibodi. Mtu alipopiga simu, mhudumu alimwuliza anamtaka nani, kisha akachomeka waya wa kuwaunganisha. Hakuyahifadhi mazungumzo. Kazi yake ilikuwa kujua nani yuko wapi, na kuwakutanisha. Mwaka 1891 Almon Strowger wa Marekani alipewa hataza ya mtambo uliofanya kazi hiyo bila mhudumu. Mwaka 1999 Mmarekani mwingine, Mark Spencer, ambaye kampuni yake changa haikumudu bei ya mtambo wa simu, alianza kuandika programu ya kompyuta ya kazi hiyohiyo. Programu hiyo huitwa Asterisk, na hupatikana bila malipo. Iliandikwa kwa ajili ya mfumo wa Linux. Na seva nyingi za nyumbani, zikiwamo za Synology na QNAP za Taiwan, huendeshwa na mifumo iliyojengwa juu ya Linux. Tena seva hizo kwa kawaida huwashwa usiku na mchana. Kwa hiyo seva ya kuhifadhia huweza kuwa swichibodi kwa sababu ni kompyuta, wala si kwa sababu ina diski kubwa.

Kazi za mtambo huo ni tatu. Kwanza, kuandikisha: kila simu hujitambulisha kwa jina na neno la siri, na mtambo huandika ilipo. Maandishi hayo yana muda wake. Simu isipojiandikisha tena, hufutwa. Pili, kuongoza: mwenye seva huandika mpango wa hatua kwa kila namba, kwa mfano, "Namba 101 ikipigwa, liza simu ya sebuleni kwa sekunde 20; isipopokewa, pokea ujumbe." Tatu, kupitisha sauti kutoka upande huu hadi upande huu. Kwa kawaida sauti huwekwa katika diski pale mtu anapoacha ujumbe.

Somo lenyewe laweza kuendeshwa hivi. Wagawie wanafunzi sita kadi zenye namba 101 hadi 106, na mmoja awe mtambo, akiwa na daftari. Kila mwenye kadi aende kwake na kusema, "Mimi 103, nimekaa dawati la pili karibu na dirisha." Mtambo aandike. Sasa 101 aombe kuzungumza na 103. Mtambo atazame daftari, ampelekee 103 habari, naye akikubali wazungumze. Baada ya hapo, mwambie 103 ahame dawati bila kutoa taarifa, kisha apigiwe tena. Mtambo atakwenda kwenye dawati tupu. Hapo wanafunzi watajieleza wenyewe kwa nini simu hujiandikisha mara kwa mara, nawe usiwahi kuwasemea.

Hesabu nayo ina nafasi yake. Katika njia ya kawaida ya simu, sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Wanafunzi watapata biti 64,000 kwa sekunde, yaani baiti 8,000. Basi ujumbe wa dakika moja uliopimwa hivyo ni baiti 480,000.

Turudi kwa yule mtoto. Jibu la swali lake ni kwamba umeme ukikatika na pasiwe na betri ya akiba, seva huzimika, na mtambo wote hunyamaza. Simu za mezani za zamani zilipata umeme wake kwa waya kutoka kituo cha simu, ambako palikuwa na betri. Kwa hiyo ziliweza kulia hata nyumba ikiwa gizani. Basi swali lile linatufundisha kwamba nyumba isitegemee seva peke yake kuita msaada wakati wa moto au ugonjwa. Linafuatana na onyo jingine: mtambo uliounganishwa na kampuni ya simu, ukiachwa wazi katika intaneti kwa neno la siri dhaifu, huweza kutumiwa na wezi kupiga simu za nchi za mbali kwa gharama ya mwenyewe.

Zoezi kwa mwanachuo: Andaa somo la dakika 40 juu ya mtambo wa simu kwa kutumia kadi na daftari. Katika andalio lako andika maswali matatu unayodhani wanafunzi watakuuliza, na majibu yake. Acha nafasi tupu ya swali la nne, ulijaze baada ya kutoka darasani.