Wati Tele, Sauti Haba: Soko la Spika za Nyumbani Mkoani Mara

Kwenye maduka ya vifaa vya umeme ya Musoma mjini, kuanzia Barabara ya Mukendo hadi Nyasho, bidhaa inayokaa mlangoni ni sabufa. Hupangwa juu ya maboksi yake, taa za rangi zikimetameta, na moja huwashwa tangu asubuhi ili mpita njia aisikie kabla hajaiona. Bunda ni hivyo hivyo kandokando ya barabara kuu ya Mwanza na Sirari. Butiama maduka ni machache, lakini majina ni yale yale yaliyoenea nchi nzima: Sea Piano, Aborder, Alitop. Sabufa ya kawaida, yenye spika mbili au tatu za pembeni, inauzwa laki moja na nusu hadi laki tatu na kitu, na bei huzungumzika.

Muulize muuzaji sauti yake ikoje, atakujibu kwa wati. "Hii mziki mnene, mama. Wati elfu kumi na mbili, majirani watakuja kugonga." Kwa mwenye baa au kinyozi jibu hilo linatosha, kwa sababu anachonunua ni kusikika barabarani. Ila yupo mteja wa pili: mwalimu mstaafu anayetaka kusikiliza taarifa ya habari bila kukunja uso, mwanakwaya anayetaka kuitofautisha sauti ya nne na ya tatu kwenye rekodi ya kwaya yake, mchimba dhahabu wa Buhemba aliyemaliza nyumba na sasa anatafuta kitu kidogo, kizuri, cha sebuleni. Fedha anayo, au anaweza kudunduliza. Duka la kumuuzia sauti ndilo halipo, na kwa maoni yangu hapo ndipo wafanyabiashara wa Mara wanapoacha fedha mezani.

Hizo wati ndizo zinazokula fedha za watu, kwa hiyo tuanze nazo. Namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi mara nyingi hufuatwa na herufi PMPO. Kipimo hicho hakina kanuni ya kimataifa. Kila kiwanda hukokotoa kinavyotaka. Igeuze sabufa, tazama kibandiko cha nyuma pale waya wa umeme unapoingilia. Utasoma 230V, 50Hz, kisha 40W au 60W. Hicho ndicho inachokula kwenye LUKU yako, na hakuna chombo kinachotoa mfululizo zaidi ya kile kinachoingiza. Wati elfu kumi na mbili ni wino tu.

Na wala hazihitajiki. Spika ndogo nzuri, kwa wati moja tu, hutoa desibeli 85 hivi mtu akiwa mita moja mbele yake. Jozi moja sebuleni, ukiwa umekaa mita mbili na nusu, kwa wati hiyo hiyo moja kila upande, itakulazimu kupandisha sauti ukitaka kuzungumza na aliye jirani yako. Ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu, wati lazima ziongezwe mara 10. Maana yake wati 10 ni kelele kubwa ya nyumbani, na wati 50 za kweli zinatosha sebule yoyote ya Mwisenge au Makoko hata siku ya harusi.

Ubora wa spika ndogo uko kwingine. Wahandisi wa fani hii hufuata kanuni ya J. Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya KLH ya Marekani: boksi dogo, besi ya chini kabisa, na sauti kubwa kwa umeme mdogo, chagua mawili, la tatu utalikosa. Sababu ni hewa. Koni ya spika ikitakiwa kushuka oktava moja chini huku ukubwa wa sauti ukibaki pale pale, lazima isogee mara nne zaidi mbele na nyuma. Koni ya inchi tatu au nne haina nafasi hiyo. Spika bora ndogo hukubali ukweli huo: huiacha besi ya mwisho, kisha hutoa kila kilicho juu yake kwa usahihi. Ile ya bei rahisi hulazimisha. Huinua sehemu moja ya besi kupita kiasi ili mnunuzi ahisi kifua kinagongwa, na matokeo yake kila wimbo unapata pigo moja lile lile. Gitaa la besi la Msondo Ngoma na ngoma ya kanisani vinakuwa kitu kimoja.

Mfano uliofungua njia ulitoka BBC, Shirika la Utangazaji la Uingereza, katika miaka ya 1970. Wahandisi wake walihitaji spika ya kusikilizia ndani ya magari ya matangazo ya nje, ambamo boksi kubwa halikai. Wakaunda LS3/5A, yenye kimo cha sentimita 30 hivi, upana wa 19 na kina cha 16. Katika kuipima walitegemea sana sauti ya binadamu akizungumza, kwa kuwa mtangazaji angeweza kusimama mbele yao na wakalinganisha sauti yake halisi na ile ya spika. Leseni za kuitengeneza zilitolewa kwa kampuni kadhaa, nayo imeendelea kutafutwa mpaka leo. KEF, iliyokuwa ikitengeneza koni zake, ilitoa mrithi wake LS50 mwaka 2012, kisha LS50 Meta mwaka 2020 kwa dola 1,500 hivi za Marekani kwa jozi. Hiyo ni karibu shilingi milioni nne kabla ya usafiri na kodi.

Jambo la kuazima kwa wahandisi wale ni kipimo chao, nacho ni bure. Mara ina sauti ambayo kila Mtanzania anaijua. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi kuishi kijijini kwake. Wapo wazee pale waliomsikia kwa masikio yao, bila kipaza sauti. Hotuba zake bado zinarushwa na TBC Taifa katika Wosia wa Baba. Sauti yake haikuwa nzito. Ilikuwa nyepesi, kavu kidogo, yenye kusita kwa makusudi na kicheko kinachokatika ghafla.

Iweke hotuba hiyo kwenye sabufa ya kawaida, usikilize kwa makini. Sehemu ya chini ya sauti ya mwanamume, kwenye hezi 100 hadi 200, inatokea kwenye boksi la sakafuni. Iliyobaki inatokea kwenye vispika vya juu ya kabati. Mwalimu anapewa kifua ambacho hakuwa nacho, huku "s" na "sh" zikichoma sikio. Punguza besi na sauti inakonda kama ya simu. Kisha iweke kwenye jozi ya spika ndogo zilizotengenezwa vizuri. Sauti inasimama katikati ya maboksi mawili, mahali pasipo na kitu, na unaanza kusikia ukumbi wenyewe: kikohozi cha mtu wa nyuma, makofi yanavyoanzia upande mmoja. Utausikia pia mvumo wa kanda za zamani za Radio Tanzania. Spika isilaumiwe kwa hilo, inatoa kilichorekodiwa.

Kwa besi, tumia litungu la Wakuria. Lina nyuzi nane na mwili mkubwa uliowambwa ngozi, na nyuzi zake nene hunguruma zikipigwa. Kwenye spika mbaya nyuzi tatu za chini zinasikika kama mlio mmoja unaorudiwa. Kwenye spika nzuri, hata ndogo, unaweza kuimba kufuata kila uzi. Ngoma ya kifua huenda isiwepo, lakini noti zipo.

Haki itendeke hata hivyo kwa sabufa. Mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive wa kampuni ya Harman waliwapa wafanyakazi 40 wa kampuni hiyo spika nne wazipe alama, kwanza zikiwa nyuma ya pazia, kisha zikionekana. Mojawapo ilikuwa seti ndogo ya plastiki ya vipande vitatu, ndugu wa hizi tunazouziwa. Nyuma ya pazia ilifanya vizuri. Pazia lilipoondolewa alama zake zikashuka, na za maboksi makubwa yenye mng'ao zikapanda. Sabufa iliyopangwa kwa uangalifu inaweza kutoa sauti safi. Tatizo la soko letu ni kwamba mteja hapewi nafasi ya kulinganisha mbili kwa sauti sawa. Hupigiwa moja, kwa sauti ya mwisho, mlangoni, magari yakipita.

Anayetaka jozi bora leo akiwa Bunda au Musoma afanyeje? Spika za KEF na za kampuni nyingine kama Harbeth si bidhaa ya rafu za huku. Huagizwa kupitia Dar es Salaam, Nairobi au moja kwa moja kutoka nje. Njia ya karibu zaidi hupitia kwa vijana wa studio. Wanaorekodi bongo fleva na kwaya katika vyumba vidogo hutumia spika za kusikilizia kazi, za aina ya Yamaha HS5 au KRK. HS5 ina koni ya inchi tano, uzito wa kilo tano na ushee, amplifaya mbili ndani yake zenye jumla ya wati 70 za kweli, na bei ya nje ni kama dola 200 kwa moja. Jozi, basi, ni kama milioni moja ya Tanzania kabla ya gharama za njiani. Kwa sebule ya kawaida, na kwa mtu anayejali sauti, sioni ununuzi mzuri zaidi kwa fedha hizo. Haina taa, haina rimoti, haina mahali pa kuchomeka flashi, na ndiyo maana mwenye duka la Mukendo haamini itauzika.

Gharama za njiani ni hesabu nyingine. Kuna VAT ya asilimia 18 juu ya ushuru wa forodha, kuna nauli ya mzigo kwenye basi kutoka Kariakoo, na kwa anayenunua Nairobi kuna forodha ya Sirari. Wengi hununua kwa picha ya Instagram, hulipa kwa simu na kusubiri kifurushi stendi ya Bweri. Wahakikishe mambo mawili kabla ya kutuma hela: volti na uhalisi. Kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Marekani huandikwa 120V, na ukikichomeka kwenye 230V ya TANESCO hakimalizi dakika. Kama kibandiko kinasema 100–240V, hakuna shaka. Kuhusu uhalisi, jina linaloigwa sana ni JBL, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1946 na ambayo, pamoja na mama yake Harman, imekuwa mali ya Samsung tangu 2017. Kuuza bandia ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Kwa aina zinazotumia programu ya simu ya kampuni, iunganishe dukani: ya bandia haitambuliki.

Chumba nacho ni nusu ya spika. Nyumba zetu za matofali yaliyopigwa plasta, sakafu ya vigae na dari ya jipsamu hurudisha sauti kila upande, ndiyo maana sabufa iliyosikika vizuri kwenye duka lililojaa maboksi hugeuka mwangwi nyumbani. Sebule ya urefu wa mita nne huvimbisha besi ya hezi 43 hivi, na ukiiweka spika kwenye kona unaivimbisha zaidi. Isogeze hatua moja kutoka ukutani, twita, vile vispika vya sauti za juu, ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa, tandika zulia, ning'iniza pazia zito. Hakuna kati ya hayo linalofikia bei ya sabufa, na hakuna muuzaji anayemwambia mteja.

Kuna pia suala la kinachochezwa. Nyimbo zinazoingizwa kwenye flashi vibandani zimebanwa mara kadhaa, na zile zilizopita WhatsApp ni mbaya zaidi. Blututhi ya simu ya bei nafuu inazikata tena. Redio ya FM yenye mawimbi mazuri hufika hezi 15,000, kwa hiyo Victoria FM ya Musoma au Mazingira FM ya Bunda, ikishikwa vizuri, huishinda flashi nyingi.

Sehemu yenye biashara halisi, kwa maoni yangu, ni kwa mafundi na maseremala. Spika bora ndogo ni koni na twita, krosova inayogawa sauti kati yake, na boksi gumu lisilotetemeka. Mabati membamba na plastiki hulia pamoja na muziki. Mbao ya milimita 18 hutulia. Maseremala wa Musoma tayari wanatengeneza maboksi ya makanisa na kumbi kwa MDF na plaiwudi, wanajua kuunga kona bila upenyo wa hewa. Koni na twita zinaagizika kwa jozi. Kinachokosekana ni krosova iliyokokotolewa kwa koni husika, badala ya kapasita moja iliyofungwa kwa makadirio, na leo fundi mwenye simu na maikrofoni ya kupimia anaweza kuikokotoa mwenyewe kwa programu za bure.

Fundi huyo huyo ndiye dhamana ya mteja. Karibu na ziwa, ringi za sponji zinazoshika koni huoza kwa joto na unyevu. Za mpira hudumu miaka mingi. Wadudu wa ziwani huingia kwenye matundu ya amplifaya, na koili huungua pale mtu anapofungua sauti hadi mwisho kutafuta zile wati elfu kumi na mbili. Kubadilisha ringi na koili ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi wa Nyasho, vipuri vikiwepo. Mwenye duka atakayeweka kabatini ringi na koili za kila spika anayoiuza atakuwa anauza kitu ambacho mwenzake wa Instagram hawezi kukituma kwa basi.