Silabi Nane kwa Mtoto wa Darasa la Tatu

Kipindi cha Kiswahili darasa la tatu husikika hadi uwanjani. Mwalimu anaonyesha mstari ubaoni, na watoto wanausoma wote kwa pamoja, sauti juu, bila kukwama. Ndani ya sauti hiyo wamo wasiojua kusoma kabisa. Wameushika ukurasa kwa masikio, na picha inawakumbusha waanzie wapi.

Mwalimu mzoefu ana namna ya kuwabaini. Humwita mtoto mezani, akaifunika picha kwa kiganja, kisha akaweka kidole kwenye neno lililo katikati ya sentensi. Aliyekariri hunyamaza, au hurudi mwanzo wa mstari na kuutaja wote upya mpaka afike pale kidole kilipo. Kwa dakika moja hiyo mwalimu amejua jambo ambalo mtihani wa muhula huenda usimwonyeshe.

Mtoto huyu si mzito wa akili. Tuchukue neno "hawakumnunulia", lenye silabi nane. Anayejua kusoma hulimeza kwa mara moja. Asiyejua huanza kuunganisha: h na a, ha; w na a, wa; na kila silabi anapaswa kuishika kichwani wakati anatafuta inayofuata. Kumbukumbu tunayoitumia kwa kazi ya papo kwa papo ni finyu mno. Mwaka 2001 mwanasaikolojia wa Marekani, Nelson Cowan, alikadiria kwamba mtu mzima hushika vitu vinne hivi kwa wakati mmoja, na mtoto hushika pungufu ya hapo. Mtoto wetu akifika kwenye "li", "ha" imeshamtoka, na "ha" ndiyo iliyobeba ukanushi. Ukimuuliza kama walimnunulia kiatu, atajibu ndiyo. Mwalimu ataandika kwamba mtoto haelewi habari, ilhali nguvu zote zimeishia kwenye silabi na hakikubaki kitu cha kuelewea.

Kwa hiyo kumwambia "soma kwa makini" hakumsaidii, maana makini yake yote iko kazini tayari. Kinachomsaidia ni mazoezi mafupi ya kila siku, akisahihishwa papo hapo, hadi silabi zitambulike bila kufikiriwa. Kiswahili kinatupa nafuu kubwa hapa kwa sababu karibu kila herufi ina sauti yake ile ile popote ilipo. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha lugha za Ulaya, ukakuta watoto wanaojifunza kusoma Kifini, kinachoandikwa kama kinavyotamkwa, walisoma karibu maneno yote mepesi mwishoni mwa mwaka wa kwanza, wakati wale wa Kiingereza walikuwa mbali nyuma yao. Lakini mtoto aliyekulia kwenye Kisukuma au Kimaasai anaweza kutamka neno la Kiswahili sawasawa na asijue maana yake. Huyo anahitaji kuzungumzishwa kwanza.

Kosa jingine linalowaponza watoto ni kuchanganya b na d. Wengi wameadhibiwa kwa uzembe kwa sababu hiyo. Mtafiti Stanislas Dehaene wa Ufaransa ameeleza kwamba kusoma hutumia sehemu ya ubongo iliyokuwa ikitambua vitu na nyuso, na kwa sehemu hiyo kikombe ni kikombe hata mkono wake ukielekea upande gani. Mtoto anayeanza kusoma analazimika kuifundisha isifanye hivyo kwa herufi. Miaka ya mwanzo kosa hili ni la kawaida. Likidumu muda mrefu, pamoja na shida ya kutenganisha sauti za maneno, mwalimu ashuku disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma, na dawa yake ni mafunzo ya sauti na herufi yenye subira zaidi.

Macho na masikio vikaguliwe mapema. Mtoto anayenakili kutoka daftari la jirani badala ya ubaoni huenda haoni. Mwenye usaha sikioni huenda hasikii tofauti ya "pa" na "ba".

Walimu wanayajua mengi ya haya. Wanachokosa ni muda. Kipindi cha dakika 40 kwa watoto 80 ni sekunde 30 kwa kila mtoto, ikiwa mwalimu hatasema neno kwa darasa zima. Sera ya elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa Tanzania Januari 2016, watoto walimiminika shuleni, jambo jema kabisa, ila walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Juu ya hayo kuna andalio la somo, madaftari ya kusahihisha, na silabasi inayotakiwa kumalizwa. Mthibiti ubora akija, swali rahisi kuuliza ni mada imefika wapi. Darasa linasonga na mada, na aliyekwama kwenye silabi anaachwa palepale.

Kuongeza vitabu peke yake hakutoshi. Magharibi mwa Kenya, watafiti akiwemo Michael Kremer walipima shule zilizopewa vitabu vya kiada, wakakuta walionufaika ni wanafunzi waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, vigumu kwa wengine wote. Baadaye, kuanzia mwaka 2005, Kremer, Esther Duflo na Pascaline Dupas walifuatilia shule 121 za eneo hilo zilizoongezewa mwalimu wa darasa la kwanza. Zile zilizogawa watoto kwa kiwango chao zilipata matokeo bora, na waliokuwa chini walipanda pamoja na waliokuwa juu.

Mimi siungi mkono kumtenga mtoto siku nzima, maana jina la "wale wa nyuma" likishamganda halimtoki upesi. Mfano wa shirika la Pratham la India unanivutia zaidi. Kwa sehemu ya siku watoto hupangwa kwa uwezo wao, wa herufi, wa maneno, wa aya na wa hadithi, bila kujali darasa, kisha hurudi madarasani kwao. Makundi hubadilika kila mtoto anapopanda.

Walimu wakuu, tengeni saa ya makundi hayo kwenye ratiba, na mumlinde mwalimu anayeamua kurudi nyuma kwenye silabi hata kama mada itachelewa. Na wewe mzazi, leo jioni mpe mwanao maandishi mepesi ya Kiswahili asiyowahi kuyaona, ukae umsikilize. Akikwama usimcheke wala usimchape. Kesho nenda ukamwambie mwalimu wake amekwama wapi.